Hamisha Mafuta Kabla ya Kitonga

Semi iliyobeba mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kolwezi, Kongo, inakata zaidi ya kilomita 2,000, kwenda peke yake. Ukiipigia hesabu ya kilomita mbili kwa lita moja, na hiyo ni hesabu ya dereva mwenye mguu mwepesi, unahitaji zaidi ya lita 1,000 kabla hujafika kushusha. Vichwa tulivyokuwa tukiendesha sisi vilikuja na tenki la lita 400, vingine 600. Matajiri wetu hawakupenda tununue mafuta Zambia, na Kongo ndiyo kabisa. Dar bei kikomo inatangazwa na EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo tajiri anajua pesa yake inakwenda wapi kabla gari halijatoka yadi. Ng'ambo ya mpaka anategemea neno la dereva na risiti ya karatasi. Basi nyuma ya kabini pakafungwa sanduku la chuma, likakazwa kwa mikanda, likapakwa rangi yoyote iliyokuwa imebaki kwenye kopo. Hilo ndilo tenki la pili. Kazi ya kutoa mafuta humo na kuyaingiza kwenye tenki kubwa ilikuwa yangu na utingo wangu miaka yote niliyofanya njia ya Kongo.

Mwulize dereva mgeni anahamisha saa ngapi, atakwambia geji ikikaribia nyekundu. Mzee aliyenifundisha njia, wakati huo mimi ndiye utingo, hakuwa na habari na geji. Alikuwa na vituo vyake: Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda mlima Kitonga, Makambako, Tunduma kabla ya kuingia kwenye foleni ya mpaka, Mpika, kisha Kapiri Mposhi. Akifika hapo anahamisha, hata kama tenki kubwa lina zaidi ya nusu. Nilimwuliza siku moja kwa nini tunajisumbua wakati mafuta bado yapo. Akanijibu bila kuniangalia, "Dogo, mafuta yanahamishwa na mahali, hayahamishwi na geji."

Kitonga ndiko nilikoelewa alichosema. Barabara inapanda kwa kona kali, mkono mmoja mwamba, mkono mwingine korongo. Gari likiinua pua, mafuta yote ndani ya tenki yanakimbilia nyuma. Bomba la kunyonyea halihami nayo. Liko palepale lilipowekwa, na ncha yake imeachwa sentimita chache juu ya sakafu ya tenki ili lisinyonye tope. Robo ya tenki inakupitisha tambarare yote ya Mikumi bila wasiwasi wowote, halafu inakuangusha kwenye kona ya juu kabisa, na mafuta bado yamo. Yamerudi nyuma, bomba limebaki linanyonya upepo. Injini inakohoa mara mbili, inazima. Usukani unakuwa mzito kama mlango wa ghala, kompresa haijazi tena upepo wa breki, na nyuma yako kuna basi la Mbeya lenye abiria wanaochungulia madirishani.

Niliwahi kulala Kitonga kwa ajili ya gari la mtu mwingine lililozima namna hiyo. Foleni iliposimama kabisa nilipanda kwa miguu kwenda kuangalia. Nikamkuta dereva amelala chini ya kabini, jasho linamtoka, anapiga pampu ya mkono, na utingo wake amekaa juu ya tenki la pili akisubiri zamu yake. Nikaligonga lile tenki kwa kifundo cha kidole. Lilijibu kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa. Walikuwa na mamia ya lita hatua mbili kutoka kwenye injini iliyokufa kwa kukosa mafuta.

Kwa wasiowahi kutoa upepo kwenye njia ya mafuta: kwenye injini za zamani, zenye pampu ya kimekanika, kazi si ngumu, ni ya subira tu. Unalegeza skrubu iliyo juu ya filta, unapiga pampu ya mkono, linatoka povu jeupe, povu linapungua, yanatoka mafuta matupu, unakaza. Stata unaipiga sekunde 15 au 20, unaipumzisha, unarudia. Ukiing'ang'ania itaungua, na hapo utakuwa na matatizo mawili mlimani. Injini za siku hizi zenye reli moja inayogawa mafuta kwa nozeli zote ni habari nyingine. Presha ndani ya reli hiyo inavuka bar 1,500. Fundi anayekwambia ulegeze nati ya bomba la nozeli huku injini inazungushwa, mkatalie. Mchirizi wa mafuta kwa presha hiyo unapenya ngozi ya mkono. Tena pampu ya injini hizo inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiikausha mara kwa mara, unaitafuna, na bei ya kuibadilisha tajiri hataisahau.

Sasa kuhusu lile sanduku lenyewe. Fundi wa Dar aliyechomelea tenki letu la kwanza alikuwa hodari kweli. Halikuvuja hata tone. Alilikata kwa vipimo vya sentimita 120 kwa 60, kimo 60, na ndani akaweka vibao vya chuma vyenye matundu ili mafuta yasicheze gari likikata kona. Kwa vipimo hivyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 7.2, kwa hiyo kijiti kimoja kilichochorwa mistari kilitosha kuniambia nina kiasi gani, kwa uhakika kuliko geji yoyote. Jambo moja tu aliliacha: tundu la kupumulia. Na kifuniko alichoweka kilikuwa na raba nzito, kinabana kisawasawa.

Tuligundua Makambako, alfajiri, ule ubaridi wa kule unaofanya mpira ukakamae mkononi. Tukafungua koki. Mafuta yakashuka kwa nguvu, baada ya muda yakapungua, yakawa uzi mwembamba, yakakata. Utingo akasema mpira umeziba. Akauchomoa, akautikisa, akaupuliza, akaurudisha, hakuna kitu. Nilipanda juu nikalegeza kifuniko nusu mzunguko. Tenki likavuta pumzi kwa mlio mrefu, ubavu wake uliokuwa umebonyea ndani ukarudi nje kwa kishindo kilichomshtua mlinzi wa kituo, na mafuta yakaanza kushuka kama hayajawahi kusimama.

Tangu siku ile, kabla sijaangalia pampu wala mpira, naangalia upepo utapita wapi. Tenki linalotoa lazima liingize upepo, na tenki linalopokea lazima litoe upepo. Hilo la pili watu hulisahau. Kijitundu cha kupumulia cha tenki kubwa kikizibwa na tope la njiani, ukahamisha kwa kasi, upepo ulionaswa unatafuta njia, na njia iliyopo ni palepale unapomiminia. Utarudishiwa dizeli kifuani. Wapo wanaotibu tatizo hili kwa kutembea na kifuniko kimelegezwa safari nzima. Hiyo si tiba, kwa sababu ukiingiza upepo kwa njia hiyo unaingiza vumbi na mvua pia. Tulichofanya sisi ni kuchomelea bomba dogo juu ya tenki, likapindwa kuangalia chini, mdomoni likafungwa kitambaa cha wavu. Kazi ya nusu saa.

Njia za kuhamisha ziko nyingi na kila dereva anaapa kwa yake. Tenki likiwa nyuma ya kabini liko juu kuliko tenki la ubavuni, kwa hiyo mafuta yanashuka yenyewe. Mpira na koki vinatosha. Uzuri wake ni kwamba hakuna cha kuharibika. Ubaya wake ni kwamba hakuna cha kusimamisha. Koki ikiachwa wazi, mafuta yatashuka mpaka tenki la chini lijae, kisha yataendelea kushuka kwenye lami. Ndiyo maana nilitaka koki mbili, moja kwenye tenki na nyingine mwisho wa mpira, na mtu amesimama hapo mkono ukiwa juu yake. Utingo aliyeniambia anakwenda mara moja kununua vitunguu vya Ruaha Mbuyuni huku koki iko wazi nilimwambia achague kati ya vitunguu na kazi. Alicheka, lakini hakwenda.

Wengine huunganisha matenki mawili kwa bomba la chini, mafuta yajisawazishe yenyewe. Kwenye karatasi inapendeza. Barabarani bomba hilo ndilo kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote, jiwe moja likilipiga unamwaga matenki yote mawili kwa pamoja. Na ukilala umeegesha kwenye bega la barabara lililoinama, mafuta ya upande wa juu yanahamia upande wa chini usiku kucha, asubuhi unakuta dimbwi chini ya kifuniko. Anayetaka mfumo huo aweke koki kwenye kila tenki na azifunge zote mbili kila anapoegesha.

Kisa kilichonifundisha zaidi kilitokea kwa gari la mwenzangu, si langu. Tulikuwa tumepita Nakonde, upande wa Zambia, tukamkuta ameegesha Isoka, dizeli inadondoka kutoka kwenye kifuniko cha tenki kubwa, na yeye anazunguka gari akiapa kwamba hajahamisha chochote tangu Tunduma. Ofisi ilikuwa imeshampigia. Kule Dar waliona lita zinapungua kwenye tenki la pili bila maelezo, na kwa watu wa ofisini lita zinazopungua bila maelezo zina maelezo moja tu.

Hakuwa anadanganya. Injini ya dizeli inavuta mafuta mengi kuliko inayounguza. Yanayobaki yanapita kwenye pampu na nozeli, yanapoza na kulainisha, kisha yanarudi kwenye tenki kwa bomba la pili, yakiwa na joto. Fundi aliyemfungia alikuwa ameweka koki ya kuchagua, ili injini iweze kunyonya tenki la pili moja kwa moja bila kuhamisha. Wazo zuri. Ila aligeuza bomba la kunyonya tu. Bomba la kurudisha lilibaki kwenye tenki kubwa. Kwa hiyo toka Tunduma injini ilikuwa inakunywa tenki la pili na kurudisha mabaki kwenye tenki kubwa, ambalo lilikuwa limeshajaa. Lingefanya nini isipokuwa kumwaga?

Geuza mfano huo kinyume uone balaa lake. Injini inanyonya tenki kubwa, bomba la kurudisha liko kwenye tenki la pili. Tenki kubwa linaisha kwa kasi ambayo hakuna hesabu ya kilomita itakayoieleza. Dereva anaonekana mwizi na ushahidi wake umo ndani ya gari lilelile, nyuma ya kichwa chake. Yule mwenzangu tulimsaidia kupiga picha za mabomba, tukafuata kila moja kwa kidole huku utingo anarekodi video, tukaituma. Ofisi ilikubali, ingawa nadhani walikubali kwa sababu tulikuwa wawili.

Nikifunga koki ya kuchagua leo, nataka ile inayogeuza mabomba yote mawili kwa mkono mmoja, la kunyonya na la kurudisha. Ni ghali kidogo. Kuna madereva wazee wanaotumia ule mpangilio mbovu kwa makusudi: wananyonya tenki la pili, wanarudisha kwenye kubwa, na kubwa linajaa polepole wakiwa mwendoni bila pampu wala kusimama. Ni ujanja, nakubali, na nimemwona mtu akiufanya kwa ufundi mkubwa kutoka Serenje hadi Kapiri. Lakini unataka dereva asiyesahau, na baada ya kuendesha tangu usiku wa manane sijui dereva asiyesahau.

Joto nalo lina mambo yake. Lita 400 za dizeli zikipanda joto kwa nyuzi 20 zinaongezeka karibu lita sita na nusu. Ukijaza mpaka mdomoni alfajiri Iringa, ukashuka kwenye jua la Ruaha, huku bomba la kurudisha linaongeza joto lake, kifuniko kitalia machozi. Acha nafasi. Mimi niliacha upana wa vidole vinne kutoka juu na sikuwahi kujuta.

Kuhusu kunyonya kwa mdomo, nitasema kwa ukali kwa sababu nimeona. Vijana wengi wanaanza kazi hii wakijua njia moja tu: chovya mpira, vuta, mafuta yakija ondoa mdomo haraka. Kijana mmoja tuliyekuwa naye Mpika hakuondoa haraka. Alikohoa, akacheka, akasema si kitu. Usiku akaanza kuhema kwa shida, homa ikapanda. Dizeli ikimezwa inakera tumbo, lakini ile kidogo inayoingia kwenye mapafu ndiyo hatari, inaleta nimonia ya aina yake. Wenzake walikuwa wameshamtafutia maziwa na maji ya chumvi ili atapike. Kutapika ndiko kunakorudisha mafuta kwenye njia ya hewa kwa mara ya pili. Tulimpeleka hospitali, akalazwa, akapona, akarudi Tanzania na gari jingine.

Na hakukuwa na haja kabisa. Mpira ukiuzamisha wote ndani ya tenki ukajaa, ukaziba ncha moja kwa kidole gumba, ukaitoa na kuishusha chini ya usawa wa mafuta, ukiachia yanatiririka yenyewe. Au nunua ile pampu ya raba ya kubonyeza kwa kiganja, yenye valvu ndani. Bei yake haifikii soda za safari moja. Mimi sipandi gari ambalo halina. Huyo kijana sasa ni dereva, na nimesikia anawaambia mautingo wake maneno haya haya kwa ukali kuliko mimi.

Pampu ya umeme ni starehe ikiwa imefungwa vizuri. Nyingi ndogo zinatoa kama lita 40 kwa dakika, kwa hiyo lita 200 ni dakika tano. Magari yetu ni volti 24. Pampu ya volti 12 ukiiunganisha hapo itapiga kazi kwa furaha muda mfupi, kisha itanuka. Waya uwe mnene, fyuzi iwe karibu na betri, na swichi iwe mahali ambapo mtu anayeiwasha anaona tenki linalopokea, siyo ndani ya kabini. Hilo la swichi napigania sana. Mafundi wanapenda kuiweka kwenye dashibodi kwa sababu inapendeza. Halafu usiiache izunguke kavu, maana vibao vyake vinategemea mafuta kulainika. Ukisikia mlio umebadilika kutoka kuguna kwenda kupiga kelele, zima.

Tenki la pili likikaa nusu tupu muda mrefu linatoa jasho ndani usiku wa baridi, na jasho hilo linashuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Hapo kwenye mpaka wa maji na mafuta ndipo vijidudu huota, utando mweusi unaoteleza, unaoziba filta kwa siku moja. Kwa hiyo mafuta ya kwanza kutoka kwenye koki ya chini hayaendi tenki kubwa. Yanaingia kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile inayoonyesha, inawekwa kwenye bampa muda wa kunywa chai. Ukirudi unaona: juu rangi ya dizeli, katikati mstari uliokatwa sawasawa, chini maji meupe, na wakati mwingine vipande vyeusi vinavyoelea kwenye huo mstari. Ukiona hivyo unaendelea kutoa mpaka chupa ije rangi moja. Niliwahi kununua mazutu, ndivyo Wakongo wanavyoiita dizeli, ya madumu kando ya barabara kabla ya Likasi, kwa ruhusa ya ofisi, na chupa ilitoka na maji mpaka karibu na nusu. Nilimwonyesha muuzaji. Akasema, "Baba, hiyo ni ya chini tu, ya juu ni muzuri." Alikuwa sahihi kwa namna yake.

Na fundi akitaka kukutengenezea tenki kwa bati la mabati kwa sababu halishiki kutu, kataa. Ile zinki ya juu inaungana na dizeli, inatoa uchafu wa kunata unaokwenda kukaa kwenye filta na nozeli. Chuma cheusi cha kawaida au aluminiamu.

Mizani nitaipita haraka. Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima lenye ekseli saba, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Lita 400 za dizeli ni zaidi ya kilo 330, na zikiwa nyuma ya kabini zinakalia zaidi ekseli za kuvuta. Mpakiaji bandarini hajali mafuta yako yako wapi, lakini mizani ya Vigwaza inajali. Ukipakiwa karibu na kikomo, jaza kidogo Dar ukamalizie mbele.

Ukimwaga mafuta kwenye senta yoyote barabarani, watoto wanatokea na ndoo kabla hujafunga koki. Dizeli yetu haiwaki kirahisi. Mvuke wake unahitaji joto la nyuzi zaidi ya 50 ndipo ukubali kiberiti. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata penye barafu. Lakini mtoto mwenye ndoo haulizi ni ipi. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, na waliokufa walipita 100. Nilipita hapo baadaye na sijawahi tena kuhamisha mafuta katikati ya watu. Kituo cha mafuta, au yadi, au porini kweupe. Sokoni hapana, hata kama utingo ana njaa.

Linalobaki ni ofisi. Siku hizi kila tenki lina sensa, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta Dar anaona mstari wa tenki la pili ukianguka ghafla. Hajui kwamba mstari wa tenki kubwa unapanda kwa kiasi hichohicho, au anajua lakini sensa ya tenki kubwa imekufa tangu mwezi uliopita. Nilijizoesha kutuma ujumbe kabla na baada: mahali, kusoma kwa kijiti, kusoma kwa geji, picha. Madereva wenzangu waliniona najipendekeza. Simu za usiku zilipoacha kuja kwangu zikaendelea kwao, wawili wakaanza kutuma pia.

Baada ya kile kisa cha Isoka ofisi iliamua kufunga makufuli kwenye vifuniko vya matenki yote. Kila kufuli lilikuja na funguo mbili, mmoja wa dereva, mwingine ukawekwa kwenye droo ya mhasibu, Dar es Salaam. Wangu ulikatikia ndani ya kufuli la tenki kubwa tukiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa kuingia Kongo, upande wa Zambia, geji iko chini na magari yanasogea hatua kwa hatua. Nilimpigia mhasibu, akanihakikishia kwamba ufunguo wa pili upo salama kabisa. Utingo alikuwa ameshampata fundi mwenye grainda. Nikamrudisha, cheche juu ya mdomo wa tenki si jambo la kujadili, hata kama ni dizeli. Tulikata kwa msumeno wa mkono, kitambaa kilicholowa kimezungushiwa kifuniko, tunapokezana, na madereva wa nyuma wanapiga honi kila foleni inaposogea. Kufuli jipya lilikuja na funguo tatu. Mbili nilibaki nazo, wa tatu nikampa utingo, na ofisi ilipouliza nusu yao iko wapi nikawaambia iko kwenye gari.